Sura ya Nne: Barua Mbili za Magodoro

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumatano, Inspekta alikuwa ameshatajiwa wakosaji wanne. Kila aliyemtajia alikuwa na uhakika wa asilimia mia, na hakuna wawili waliotaja mtu mmoja.

Mwenye timu alisema ni kampuni ya magodoro. Kampuni ya magodoro ilisema ni mwenye timu. Mlinzi wa getini alisema ni timu pinzani, ile ya magari ya kijani, kwa kuwa siku ya tukio aliwaona wakipita barabarani huku wanacheka. Na mama wa duka la vipuri la jirani alisema ni kijicho tu cha walimwengu, ila hakutaka kuandikiwa maelezo. Mkuu wa kituo, aliyemtupia Inspekta faili hilo akiwa katikati ya kesi ya wizi wa transfoma, hakutaja mkosaji. Yeye alisema ni upuuzi, na kwamba upuuzi huo ufungwe kabla ya Ijumaa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwa miaka sita kampuni moja ya magodoro iliidhamini timu ya mbio za magari: matairi, mafuta, mishahara ya mafundi, kila kitu. Gari lilipakwa rangi nyeupe na buluu, na juu ya boneti akachorwa mwanamke amelala usingizi wa pono. Watu walitania kwamba ndilo gari pekee linalowahimiza watu walale huku lenyewe likiuamsha mtaa mzima. Kisha, wiki tatu zilizopita, barua mbili zilisukumwa chini ya milango miwili. Moja, yenye nembo ya kampuni, iliiambia timu kwamba udhamini umekwisha. Nyingine, yenye muhuri wa timu, iliiambia kampuni kwamba timu imepata mdhamini bora zaidi, na kwamba waje kubandua stika zao.

Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Juzi Jumatatu kampuni ilituma vijana na vikwangulio kuja kubandua yule mwanamke aliyelala. Mwenye timu akawapokea na spana ya magurudumu mkononi. Jioni yake wakubwa wa pande zote mbili walikuwa kaunta ya kituo cha polisi, kila mmoja anapunga barua yake, na hapo ndipo koplo wa zamu, aliyekuwa na akili kuliko wote wawili, alipozisoma zote na kusema, "Sasa jamani, kama kila mtu ameachwa, aliyeacha ni nani?"

Sasa walikuwa wamekaa ofisini mwa timu, chumba chembamba juu ya gereji, chenye kabati moja la chuma na dirisha linalotazama magari chini. Mwenye timu alikaa kwenye kiti chake. Ofisa Masoko wa kampuni, mwanamume wa suti ya kijivu na sauti ya upole unaochosha, alikaa kwenye kiti cha wageni. Inspekta alisimama, kwa sababu kiti cha tatu kilikuwa na betri.

"Wiki tatu," Inspekta alisema. "Hapa mezani naona simu nne. Hakuna aliyepiga hata moja?"

"Mtu akishakufungia mlango," mwenye timu alisema, "huwezi kurudi kumwuliza amefunga kwa komeo au kwa kufuli."

"Sisi tuliandikiwa tusipige," alisema Ofisa Masoko. "Soma mstari wa mwisho, afande. 'Mawasiliano yote yawe kwa maandishi.' Tukaandika."

"Mkaandika nini?"

"Malalamiko yetu."

"Mkayapeleka wapi? Huyu bwana hakupata kitu."

"Yako kwa mwanasheria. Anayapitia."

Inspekta alifumba macho kidogo, kama mtu anayesubiri maumivu ya jino yapite.

"Mimi neno langu nimeshalisema," Ofisa Masoko aliendelea. "Ikithibitika kwamba barua zote mbili ni za kughushi, basi mkataba haukuvunjika. Nampigia mkurugenzi, na gari linaingia mbio za Jumamosi. Lakini nataka maandishi ya polisi. Maneno matupu nimeshachoka nayo."

"Na usajili unafungwa leo saa kumi na moja jioni," mwenye timu alisema. "Usisahau hilo, afande. Nina mafundi kumi na mmoja huko chini, wiki ya tatu hii wanakuja kazini kwa nauli zao. Gari lisipoingia Jumamosi, wataanza kuondoka. Na mimi sitakuwa na uso wa kuwazuia."

Hilo la mwisho alilisema bila kelele, na ndilo pekee lililomfanya Inspekta ampe pole moyoni. Akazichukua zile barua, akaenda nazo dirishani.

Zote mbili zilichapwa. Karatasi ni ya kawaida, ya dukani. Sahihi za chini ni michirizi tu. Hata mtoto angeziiga. Ile ya muhuri wa timu, muhuri ulikuwa wa kweli, wino wake umeloa hadi nyuma ya karatasi. Ile yenye nembo ya kampuni ndiyo iliyomshikilia. Aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akaisogeza karibu na pua. Pembeni, upande wa kushoto, kulikuwa na viduara viwili hafifu vya kijivu, kimoja juu na kimoja chini.

"Kampuni yenu," alimwuliza Ofisa Masoko, "mnatoboa karatasi mkizifaili?"

"Kutoboa? Hapana. Tunatia kwenye mifuko ya plastiki. Mkurugenzi hapendi matundu."

"Na wewe, mzee?"

Mwenye timu alionyesha kabati kwa kidevu. "Mimi natoboa. Faili ni faili."

Inspekta alifungua kabati, akatoa faili la mkataba wa magodoro, akachomoa ukurasa wa kwanza. Nembo ileile juu. Matundu mawili pembeni. Akaulaza juu ya ile barua, akayalinganisha matundu na viduara vya kijivu, kisha akavipeleka vyote kwenye kioo cha dirisha. Viliangukiana sawasawa, kama jicho na kope.

"Tazameni," alisema. "Mtu alichukua ukurasa huu, akafunika maneno, akatoa kopi ya nembo tupu, halafu akachapa barua juu yake. Mashine ya kopi ilipiga picha ya nembo, ikapiga na kivuli cha matundu. Na muhuri wa ile barua ya pili unakaa wapi?"

"Droo hii," alisema mwenye timu, sauti imeshuka.

"Basi barua zote mbili zimezaliwa chumba hiki. Nani ana funguo?"

"Unataka kuniambia ni mtu wangu?"

"Nimekuuliza habari ya funguo, mzee."

"Ninazo mimi. Anazo Fundi. Na mpwa wangu, Karani." Alivuta pumzi. "Binti yangu hana. Huyo ukimpa funguo asubuhi, mchana unaita fundi wa vitasa."

Ofisa Masoko alikohoa kidogo. "Kwa hiyo tunaweza kusema imethibitika?"

"Tunaweza kusema tumeanza," Inspekta alisema, akashuka ngazi.

Fundi mkuu alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. Alitoka pale alipoitwa mara ya tatu, mtu wa miaka hamsini na ushei, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Inspekta alimwuliza mara ya mwisho aliingia lini ofisini juu. Fundi akamweleza habari za gia. Inspekta akauliza tena. Fundi akamweleza jinsi gia za siku hizi zinavyotengenezwa vibaya.

"Fundi," alisema Inspekta, "nina kesi ya transfoma saba zilizoibwa, na mtaa mzima uko gizani ukinisubiri. Ofisini juu. Lini?"

"Huwa naingia. Kuchukua funguo za gari."

"Kabati lako liko wapi?"

Macho ya Fundi yalikwenda yenyewe kwenye kona ya gereji. Ndani ya kabati lake, chini ya kandambili na sabuni, kulikuwa na ovaroli mpya iliyokunjwa vizuri. Ya kijani.

Mafundi wawili waliokuwa wanafunga tairi waliacha mikono hewani.

"Naanza kwao tarehe mosi," Fundi alisema hatimaye, akitazama sakafu. "Bado sijamwambia mzee. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na mbili, nitaanzaje?"

"Walikuita lini?"

"Hawakuniita. Niliwafuata mimi. Wiki jana. Nina watoto wanne wanaosoma, afande, na shule hawapokei hadithi za magodoro."

Inspekta alimpigia simu meneja wa timu ya kijani hapo hapo, mbele yake. Meneja alithibitisha: wiki jana, Jumanne. Kabla ya hapo hawakuwa hata na nafasi ya fundi. Barua zilikuwa na wiki tatu. Mtu hachimbi kisima kwa kiu asiyoijua bado. Inspekta akafunga kabati, amekasirika, kwa kuwa kwa dakika tano alikuwa ameamini atawahi kurudi kwenye transfoma zake kabla ya chakula cha mchana.

"Na tafadhali, mwambie mzee mwenyewe," alimwambia. "Leo."

"Nitamwambia." Fundi alishukuru kupata jambo jingine la kuongea. "Lakini hata mimi nimechoka, afande. Tangu mwezi wa pili nimebadilisha vioo vya pembeni vinne. Vinne. Na milango miwili. Vyote vya kushoto. Kulia hakuna hata mkwaruzo. Nikamwuliza Cheche, hiyo kushoto imekukosea nini? Akacheka tu."

Cheche ndilo jina walilompa dereva, binti wa mwenye timu. Inspekta aliandika neno 'vioo' kwenye daftari kwa adabu tu, akalizungushia duara kwa hasira, na kuondoka.

Karani alikuwa na kichumba chake nyuma ya gereji. Alikuwa ndiye msoma ramani wa timu, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumsomea njia kabla macho hayajaifikia. Mtoto wa dada wa mwenye timu; yeye na Cheche walilelewa nyumba moja, wakalala chumba kimoja hadi walipofika darasa la nne. Chumba chake kilikuwa kisafi hadi kinatia mashaka. Penseli zilipangwa kwa urefu. Ukutani, rafu nzima ya madaftari, kila daftari na tarehe yake.

"Una funguo za ofisi?"

"Ninazo."

"Unajua muhuri unakaa wapi?"

"Droo ya kwanza."

"Ulizipata wapi habari za barua?"

"Kwa Mjomba. Siku ileile."

Akanyamaza. Inspekta alingoja aendelee, kama walivyoendelea wote tangu asubuhi: agombe, aape, amtaje mtu. Hakuendelea. Siku nzima Inspekta alikuwa amejibiwa maswali asiyouliza, na huyu ndiye wa kwanza kujibu aliloulizwa na kufunga mdomo. Badala ya kumshukuru, akavuta kiti akakaa.

"Haya madaftari ni ya nini?"

"Maelezo ya njia. Tunapita kwanza polepole, mimi naandika kona, vilima, madaraja. Siku ya mbio namsomea."

"Niazime. La mbio za mwaka jana, na la mwaka huu. Njia ileile."

Kwa mara ya kwanza alisita. Kisha akayatoa. Inspekta aliyafungua sambamba juu ya magoti. Hakuwa mtaalamu wa magari. Lake mwenyewe liliwaka kwa kusukumwa. Lakini kusoma alijua. La mwaka jana lilikuwa jepesi: kona ya kulia, kali, mita mia, kilima, daraja, jiwe kulia, kona ya kushoto, pana. La mwaka huu lilikuwa nene mara mbili. Mti kushoto. Ukingo kushoto, karibu. Jiwe kushoto. Nguzo kushoto, karibu sana. Ukurasa baada ya ukurasa, kushoto imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Njia haikubadilika?"

"Haikubadilika."

"Mwaka jana darajani kulikuwa na jiwe kulia. Mwaka huu halimo. Limeondolewa?"

"Lipo. Hilo analiona mwen..."

Alikata neno katikati, lakini lilikuwa limeshatoka. Inspekta hakuinua kichwa. Akafunga madaftari yote mawili taratibu, akayarudisha rafuni mahali pake, na kusema, "Usitoke humu."

Cheche alikuwa uani, amekaa juu ya rundo la matairi, uso umelielekea jua. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, asiyetulia. Inspekta alisimama upande wake wa kushoto, akamwuliza maswali ya kupoteza wakati. Funguo? Hana. Barua? Hajui, na akijua aliyeandika atamnyoa nywele kwa bisibisi. Mbio? Atashinda, gari likipewa mafuta tu. Alikuwa anaongea mfululizo, anatazama mbele. Wakati huo Inspekta alikuwa amenyoosha mkono, kalamu imesimama shibiri moja kutoka kwenye shavu lake la kushoto. Akaishusha, akaipandisha. Akaipeleka karibu na kope. Cheche aliendelea kueleza habari za mafuta.

Inspekta akazunguka hadi kulia, akaitoa tena kalamu. Cheche aliidaka kabla haijafika.

"Vipi, unataka nisaini kitu?"

"Bado," Inspekta alisema.

Aliporudi kwa Karani, alimkuta amekaa vilevile, mikono juu ya magoti.

"Jicho la kushoto," Inspekta alisema. "Tangu lini?"

"Mwezi wa pili." Alijibu kama mtu anayetua mzigo, na safari hii hakusimama. "Tulikuwa mazoezini, tukapinduka. Kidogo tu, gari halikuumia. Yeye aligonga kichwa mlangoni. Baada ya siku nne akaniambia upande mmoja una ukungu. Nikampeleka kwa daktari, mbali, wasikomjua. Akasema mshipa wa jicho umekufa, haurudi. Vipimo vya madereva vilishafanyika mwezi wa kwanza, kwa hiyo karatasi zake ni safi hadi mwakani. Akaniapisha nisimwambie mtu. Aliniapisha kwa kaburi la mama. Mama yangu ndiye aliyemlea yule, afande."

"Na ukaapa."

"Nikaapa. Halafu nikaanza kumsomea kila jiwe la kushoto. Mbio mbili tumemaliza hivyo. Ya pili tulipita kando ya watazamaji, kushoto. Kulikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake begani. Nilipiga kelele, akakata usukani. Tuliwakosa kwa hatua moja hivi. Yeye hakuwaona hata tulipokwisha kupita. Akaniuliza kwa nini napiga kelele."

Inspekta alikuwa ameacha kuandika.

"Sasa ukaona bora ughushi."

"Sikuapa kwamba sitaghushi. Hilo halikutajwa."

"Usiniletee uanasheria, nimeshakaa na wawili leo. Kwa nini barua mbili?"

"Moja isingetosha. Mmoja angempigia mwenzake. Ilibidi kila mtu aonewe. Mjomba hampigii simu mtu aliyemkosea, hata awe ndugu yake. Na yule bwana wa magodoro hafanyi lolote bila mwanasheria. Nilijua nitapata msimu mzima." Alisugua macho. "Sikufikiri watakuja na vikwangulio."

"Na mafundi kumi na mmoja, ulifikiri watakula nini? Unajua Fundi ameshatafuta kazi kwingine?"

Karani aliinamisha kichwa. "Hapo sikufikiri," alisema.

"Hapana. Hukufikiri." Inspekta alisimama, akapiga hatua tatu, chumba kikaisha, akarudi. Hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa. Mwenye timu angepiga simu moja, jambo lingekwisha. Ofisa angepiga simu moja. Dereva angesema neno moja kwa baba yake. Huyu naye angevunja kiapo kimoja. Badala yake wote wanne wamekwenda kumtafuta polisi.

"Afande," Karani alisema. "Ukiandika hiyo karatasi leo, magodoro wanarudi. Wakirudi, Jumamosi anaingia barabarani. Nifunge. Lakini usiandike leo. Andika Jumapili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

"Twende juu," alisema Inspekta.

Walikusanyika kwenye kile chumba chembamba: mwenye timu, Ofisa Masoko, Fundi mlangoni, Cheche ameegemea kabati. Karani alisimama katikati kama mtuhumiwa, na ndivyo alivyokuwa. Inspekta aliihamisha betri kwa mikono yake mwenyewe, akakaa.

"Ripoti yangu ina sentensi mbili," alisema. "Ya kwanza: barua zote mbili zilighushiwa humu ndani, na aliyeghushi ni Karani. Amekiri."

Mwenye timu aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wewe," alisema. "Mtoto wa dada yangu. Nimekulisha, nimekusomesha, nimekupa kiti kwenye gari langu. Umenimwagia mchanga kwenye sahani."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa nini?"

Karani alitazama ukuta.

"Nimekuuliza kwa nini."

"Walikulipa nini wale wa kijani?" aliuliza Cheche, na sauti yake ilikuwa kali kuliko ya baba yake. "Sema. Mbele yangu sema."

Karani alimtazama tu Cheche, muda mrefu, bila chuki yoyote.

"Samahani," Ofisa Masoko alisema, simu ameshaishika, "hiyo sentensi ya kwanza inanitosha kabisa. Afande, ukiniandikia hapo na kuweka sahihi, nampigia mkurugenzi sasa hivi."

"Ya pili ni sababu," Inspekta alisema, bila kumtazama. "Na hiyo si yangu kuitamka kabla mwenyewe hajaitamka. Siandiki sentensi moja bila nyingine. Nina dakika kumi."

"Mwenyewe nani?" aliuliza mwenye timu. "Huyu si yuko hapa?"

Inspekta alitoa saa yake mkononi, akailaza mezani.

Dakika ya kwanza ilipita kwa mwenye timu kugomba. Ya pili Ofisa Masoko alieleza kwamba kampuni yake haina utaratibu wa kusubiri sentensi. Ya tatu Fundi, ambaye hakuna aliyemwuliza lolote, alisema taratibu toka mlangoni, "Vioo vinne." Alikuwa anamtazama Cheche. "Mimi nikadhani ni mwendo tu."

Rangi ilimtoka Cheche usoni. Alimgeukia Karani, na ili amwone ilimbidi ageuze kichwa chote, maana Karani alikuwa kushoto kwake. Chumba kizima kiliona anavyokigeuza.

"Umewaambia," alisema.

"Sijamwambia mtu. Huyu mama wa polisi ameona mwenyewe."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia mara tano, Cheche. Mara ya mwisho ulinishusha njiani, nikarudi kwa miguu."

Cheche alicheka, kicheko kisicho na furaha, kisha akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Akasimama hivyo, uso ameuelekeza kwa baba yake.

"Uko wapi, baba?" alisema. "Sikuoni. Nasikia tu unavyohema."

Mwenye timu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mkono wake ulitafuta kiti ukakosa, maana kiti kilikuwa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopinduka. Ningekuambia ungeniuzia gari. Mimi sijui kazi nyingine."

"Mbio mbili," mzee alisema. "Umekimbia mbio mbili hivyo. Nami nimesimama kwenye mstari wa kumalizia, napiga makofi." Hatimaye alimgeukia Karani, na ilionekana bado anataka kumpiga, ila amesahau ni kwa lipi.

Inspekta aliandika sentensi zote mbili, akatia sahihi na saa. Saa kumi na dakika thelathini na nane. Ofisa Masoko aliisoma karatasi mara mbili. Uso wa suti ya kijivu uliondoka, pakabaki mwanamume aliyechoka.

"Sasa nani ataendesha?" aliuliza.

"Jumamosi hakuna," mwenye timu alisema. "Andika hivyo. Timu yangu haiingii."

Ofisa Masoko alitoka nje kupiga simu. Walimsikia koridoni akisema 'ndiyo mkurugenzi' mara nyingi, kisha 'hapana, mwanasheria asihusishwe', kwa sauti ambayo labda hakuwahi kuitumia kabla. Aliporudi alisema mkataba ni wa timu wala si wa dereva, kwamba mishahara ya mafundi itatoka, na kwamba zimebaki mbio nne za msimu kumtafuta mtu. Mlangoni, Fundi alijikuna shingo, akasema, "Mzee, kuna jambo la ovaroli inabidi nikwambie." Hakuna aliyemsikiliza.

"Kuhusu huyu," mwenye timu alimwambia Inspekta. "Mimi nafuta malalamiko."

"Na sisi," alisema Ofisa Masoko.

"Hii ni jinai, mabwana, sio ugomvi wa kuku. Mlipokuja kaunta na barua mnapunga mlidhani mnaleta nini?" Inspekta alijikuta anaongea kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Yatakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mkiwa na la kumwombea, mwambieni yeye. Na mumpigie simu. Simu, mnanisikia? Msimwandikie."

Alimshika Karani mkono, si kwa nguvu, wakashuka. Cheche aliwafuata hadi kwenye gari la polisi, akaupigapiga mlango wa nyuma kwa kiganja. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, koti la binti yake mkononi, anamwambia hospitali ya macho inafungwa saa kumi na mbili, waende sasa, yeye ataendesha.

Barabarani foleni ilikuwa ndefu. Inspekta alimweleza Karani hatua zitakazofuata: maelezo, vidole, dhamana ikipatikana mdhamini. Alisikia neno hilo likimtoka, akasonya peke yake. Hakujibiwa. Alitazama kwenye kioo cha ndani. Hata taa za pili za barabarani hawakuwa wamezifikia, na mtuhumiwa alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, analala kama mtu ambaye hajafumba macho tangu mwezi wa pili.

Redio ya gari ilikuwa inaita. Mkuu wa kituo anauliza habari za transfoma. Inspekta aliipunguza sauti, akamwacha aite.